Geji ya Bomba la Nje

Tangu mkewe aende Italia kulea wazee wa watu na kunogewa huko, Tiberiu alibaki na mtu mmoja tu wa kula naye Jumapili. Huyo alikuwa Onofrei, mlinzi wa kisima cha mwisho cha mafuta pale kilimani Valea Arsă. Walikuwa chanda na pete tangu utotoni. Onofrei alisonga mamaliga, ugali mgumu wa kukatwa kwa uzi, na Tiberiu alileta jibini. Wiki nzima Tiberiu aliongea na mashine na namba. Jumapili ndiyo iliyomkumbusha kuwa naye ni mtu.

Sasa kisima kilikuwa kinakata roho. Kampuni ikakata shauri kitiwe tindikali iyayeyushe mawe yaliyoziba njia ya mafuta. Kikiamka, Onofrei anabaki na kazi yake na nyumba ya kampuni aliyozaliwa ndani yake. Kisipoamka, kinazibwa kwa saruji, naye anahama. Mhandisi wa shughuli hiyo alikuwa Tiberiu.

Asubuhi ya kazi watu walisogezwa nyuma ya utepe mwekundu. Onofrei aliwekwa upande wa pili, nyuma ya magunia ya mchanga, aisome geji, kile kipimo cha presha, ya bomba la nje. Tindikali hushuka kwa bomba la ndani. La nje likianza kupata presha, basi la ndani limetoboka na tindikali inatorokea udongoni, na chini ya kilima kile kuna chemchemi inayonywesha kijiji kizima. Pale huwekwi mpaka uwe unaaminika.

"Ono, bomba la nje?" Tiberiu aliuliza redioni.

"Sifuri, inginia. Limelala fofofo kama wewe kanisani."

Pampu zikanguruma. Mara presha ya ndani ikaporomoka, na watu wa pampu wakapiga makofi, kwani kwao presha ikiporomoka mwamba umefunguka. Grigore, fundi mkuu wa pampu, alishatoa chupa ya tsuika, pombe kali ya matunda, chini ya kiti cha lori.

"Umefunguka, bosi. Leo tunachoma nyama."

Mwamba ukifunguka, presha huporomoka hivyo. Bomba likitoboka, huporomoka vilevile.

"Ono, nje?"

"Sifuri."

Safari hii hapakuwa na mzaha. Tiberiu alimjua vizuri. Onofrei alitania hata kwenye mazishi ya mama yake. Akaweka redio chini, akavuka utepe pampu zikiwa zinafanya kazi, kosa ambalo yeye mwenyewe angemfukuzia mtu. Akamkuta Onofrei ameipa geji mgongo. Mshale ulikuwa umepita arobaini na bado unapanda.

Tiberiu akainua mikono, akaipishanisha juu ya kichwa. Pampu zikazimwa.

Grigore alifika akihema. "Nani alikuwa anasoma hiki kidude?"

"Mshale ulikwama," Tiberiu alisema. "Nimeugonga ndipo ukaruka."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kazini, na aliona aibu hata kuutamka. Grigore akawatazama wote wawili, akatema mate, akaenda kurudisha chupa yake.

"Dada yako anachota maji pale chini," Tiberiu alisema walipobaki peke yao.

"Nilidhani itashuka yenyewe."

"Ungeniambia, Ono."

"Ungezima." Onofrei akavua helmeti, akajifuta uso. "Angekuwa mhandisi mwingine nisingethubutu, ndugu yangu. Angekuja kuangalia mwenyewe tangu mwanzo. Wewe nilijua utaniamini."

Alilisema neno hilo bila ubaya, kama mtu anayemsifu mwenzake, na ndilo lililomuuma Tiberiu kuliko yote.

Saruji ilimwagwa kabla ya theluji. Onofrei akahamia mjini Bacău kwa mwanawe. Tiberiu alimpigia mara kadhaa; wakaongea habari za baridi, kisha simu ikakatika bila mtu kusema tutaonana.

Siku hizi, kwenye kila kisima, Tiberiu hampi mtu geji ya bomba la nje. Hukimbia mwenyewe kutoka kwenye pampu hadi kwenye geji na kurudi, jasho likimtiririka, na wafanyakazi wanamcheka chinichini. Mmoja akimwambia, "Bosi, pumzika, nikusomee mimi," humshukuru vizuri sana, kisha huenda kuangalia mwenyewe.