Eneko Anarudi Kinyumenyume

Jumapili ya tarehe kumi na saba Machi ndiyo iliyoniharibia kila kitu, na ilianza vizuri tu, kwa chai ya tangawizi na mke wangu Namkunda akiimba huku anaifunga filimbi yake shingoni kwa uzi wa katani. Namkunda alikuwa kiongozi wa kina mama wa kushangilia timu yetu, Katani Stars, na filimbi ile hakuipulizia goli. Aliipuliza Eneko akitoa pasi ya maana, basi. Eneko ni yule Mhispania, kiungo, aliyekuja mji wetu wa mkonge kumalizia mpira wake, goti moja zima, moja bovu, nywele zimeanza kumkimbia. Alimwamkia kila mtu shikamoo, mpaka watoto, mpaka siku moja mbuzi wa jirani, Namkunda akacheka hadi akakaa chini, na tangu hapo akawa anamwita mwanangu. Sasa Jumapili hiyo viongozi walikuwa na kamati yao, wanaiita kamati ya ufundi ingawa haijapata kumfundisha mtu kupiga mpira, kazi yake ni kwa waganga. Kamati ikasema wapinzani wamefukia kitu chini ya geti kubwa, kwa hiyo asipite kiumbe yeyote kabla ya Eneko, naye Eneko apite kinyumenyume, ili hicho kilichofukiwa kidhani anatoka. Geti likapigwa kufuli. Watu walikuwa wameshajaa kwenye ule uchochoro kati ya ukuta wa nje na geti, tiketi mkononi, nyuma wanazidi kuja, mvua ikashuka, wakaanza kusukumana, na basi la timu lilikuwa limezungushwa njia ya mbali kwa amri ya hao hao. Watu wakalia, fungueni, jamani, fungueni. Mwenyekiti akasema ufunguo anao katibu. Katibu akasema anao mkuu wa kamati. Mkuu wa kamati akasema waulizeni walinzi. Geti lilikuja kuvunjwa kwa nyundo, na Namkunda alikuwa mbele kabisa, kwenye nondo. Baadaye wakaunda tume, tume ikalala gesti nzuri, ikala kuku, ikasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nikaletewa kanga na mchele, ndiyo rambirambi ya mke. Eneko aliondoka bila kuaga, au walimwondoa, sijui.

Niliishia darasa la nne, sijui kupamba maneno, nasema ninavyoona. Leo alasiri nimejilaza chumbani, mlango nimeufunga kwa ufunguo maana viongozi hupenda kuja Jumapili na salamu zao, redio nimeiweka tumboni, mtangazaji anatangaza mechi na sauti yake inapanda na kushuka na pumzi yangu, anasema Eneko anampa Eneko, Eneko anamrudishia Eneko, nataka kumwambia unakosea bwana, lakini ulimi mzito, kope nzito, na kitanda kinafunguka katikati kama geti lenye milango miwili na mimi napita. Nasimama kwenye barabara nyeupe iliyochorwa kwa chokaa kama mistari ya uwanjani, huku majani, kule majani, inakwenda mpaka mbali, inapinda duara, inarudi pale pale nilipo, ila nikipiga hatua pale si pale tena. Pembeni yangu anatembea mshika kibendera, kiubavu ubavu kama wanavyotembea wao, na uso hana, pale penye uso ni laini kama ganda la yai. Namuuliza, ndugu yangu, barabara hii inakwenda wapi? Anasema, inakwenda alikotoka. Alikotoka nani? Unayemfuata. Mimi simfuati mtu, nimelala zangu. Anacheka, sijui kwa mdomo gani. Anasema, kila anayelala humu ana wake wa kumfuata, mzee wangu, wa kwako yule. Ananyoosha kibendera, na mbele namwona Eneko, ananitazama usoni huku anazidi kuwa mbali nami, maana anatembea kinyumenyume, njumu miguuni, jezi imelowa, kama walivyomfundisha kupita getini. Kwani hawezi kugeuka? Aliambiwa asigeuke mpaka aambiwe, anasema mshika kibendera, na wa kumwambia ameshakwenda kula.

Hapo akili inanijia, akili ya ndotoni lakini ni akili. Kama huyu anarudi kinyumenyume kutoka mwisho wa mpira wake kwenda mwanzo, basi nikifika mwanzo nitamnyang'anya mpira. Hatakuwa mchezaji, hatakuja kwetu, hakutakuwa na mtu wa kusubiriwa getini, geti litakuwa wazi kama mdomo wa mjinga na Namkunda atakuwa nyumbani anachambua mchele na kunitukana kwa upole. Nakaza mwendo. Barabara inakaza mwendo pia. Tunafika mji wa kwanza, kisiwa cha jua kali, nyumba nyeupe, na kila nyumba ina pacha wake kichwa chini majini, na watu wa juu na watu wa chini wanatembea nyayo kwa nyayo. Eneko amekaa ngazini, goti limefungwa, mguu uko kwenye ndoo ya barafu, na nywele zake kidogo zimerudi. Shikamoo mzee, ananiambia. Marahaba, lakini hapa bado hujajua Kiswahili. Kweli, anasema, nakijua kwa vile bado sijajifunza. Goti limefanyaje? Daktari alisema nipumzike, mwenye timu akasema Jumapili kuna mechi. Ukacheza? Nikacheza. Natema mate chini na yule wa majini mwenye sura yangu anatema juu, mate yanakutana. Nasema, hata huku wako. Nani? Wenye timu. Mshika kibendera anasema, hao hawana huku wala kule, songa mzee, utaonekana umeotea.

Tunasonga na mji unasonga, kisiwa kinajikunja kama mkeka na ndani yake unatoka mji mkubwa, uwanja wake mrefu kama mlima, kuta zote vioo, na ndani ya kila kioo kuna uwanja mwingine na ndani ya huo kioo kingine, na kote huko Eneko, sasa kijana mbichi, amekaa benchi amejifunika koti. Wanaomzunguka wanainuka mmoja mmoja kuingia kucheza, yeye anavua koti, anaruka ruka, anaambiwa kaa, anavaa koti. Anavua, kaa, anavaa. Nakaa naye. Benchi ni la baridi, barafu ya kweli. Unangoja nini hapa, mwanangu? Naona nimemwita mwanangu, neno la Namkunda limenitoka. Anasema, nangoja wanikumbuke. Naangalia juu, na juu kuna chumba cha kioo, wamekaa humo wakubwa, nyuso hawana lakini wanakula kamba wa kuchoma, kamba wanaingia pale penye uso na kupotea. Nawajua. Nawajua kwa matumbo, kwa zile saa, kwa namna wanavyopangusa vidole. Napiga kelele, nyie! Ufunguo mnao? Wote wanapapasa mifuko kwa pamoja, kwa utaratibu, kama wanacheza ngoma, wa kwanza anamwonesha wa pili, wa pili anamwonesha wa tatu, wa tatu anamwonesha wa kwanza. Namgeukia mshika kibendera. Wewe uko kazini humu, niambie alikuwa nao nani. Anasema, mwenye nao hana mkono, mwenye mkono hana jina, mwenye jina hakuwepo. Namwambia, wewe nawe ungefaa kwenye tume. Anainama kama nimemsifu.

Vioo vinalia, vinakuwa mvua, na mvua ni nyembamba ya milimani, majani mabichi mpaka macho yanauma, kijiji cha mawe, kanisa, na kwenye ukuta wa kanisa mtoto anapiga mpira, unagonga, unarudi, anapiga, unagonga, unarudi. Hatembei kinyumenyume tena, hana kwa kurudi, ndiyo mwisho wa mwanzo. Dirishani mama yake anaita, Eneko, ingia ndani utalowa! Bado moja tu, mama! Ulisema hivyo jana! Jana ilikuwa nyingine! Nacheka, nikiwa na uchungu wangu wote nacheka, kisha mpira unaugonga ukuta na kunijia miguuni, nauokota, naukumbatia. Mtoto ananitazama. Shikamoo, anasema. Siitikii. Naubana mpira kifuani na dunia yote inanyamaza, mvua inasimama hewani matone matone, na kwenye kona ya ukuta namwona Namkunda. Amekaa kwenye kigoda chetu, sinia la mchele mapajani, mzima, shingo tupu, filimbi hana. Namwambia, Mama Mwantumu, nimekuokoa, huyu hatakuja tena, twende nyumbani. Anachambua. Namwambia, niitikie basi. Anainua uso, na uso anao, si kama mshika kibendera na wale wakubwa, lakini umetulia kama picha iliyopigwa kabla mtu hajacheka. Baba Mwantumu, anasema, huo mpira wa nani? Wa huyu mtoto. Amekukosea nini? Nazidi kuubana mpira. Anasema, ndiyo umefunga safari yote hii, umempita mwenyekiti, umempita katibu, umewaacha wale wenye geti wanakula kamba, umekuja kumnyang'anya mtoto wa mwenzio? Namwambia, hao nimewauliza, wanaoneshana vidole. Anasema, waulize tena. Nimechoka, Namkunda. Mimi ndiye ningechoka, anasema, mimi niliyekuwa kwenye nondo, mpe mtoto mpira wake. Nikimpa utakufa. Anaendelea kuchambua, punje moja ya mchele imemnasa kidoleni. Kwani hapa naishi? anasema. Hapa hata sicheki.

Mikono yangu haitaki. Jamani, mikono inajua inachokiacha. Lakini naushusha mpira, nauweka mbele ya mtoto, nasema marahaba, mwanangu. Mtoto anarudi nyuma hatua chache, anapiga, na ukuta wa kanisa kabla haujagongwa unakuwa nondo, unakuwa geti letu la uwanjani na kufuli lake, mpira unapita katikati ya nondo pasi nyororo kabisa, unasimama miguuni kwa Namkunda upande wa pili. Na shingoni filimbi imerudi. Anacheka, anacheka mpaka sinia linamwagika, anapuliza mara moja, na nyuma yake kelele za watu zinaanza, fungueni, na mvua inaanguka yote kwa mpigo. Nalishika kufuli. Navuta. Namwita mshika kibendera, naye ananipa kibendera, na nikikishika kitambaa chake kinanifunika uso, laini, kama ganda la yai, nashindwa kuvuta pumzi.

Naamka, au nasema naamka. Redio iko tumboni, mechi imekwisha, inakoroma tu. Jua la jioni limelala sakafuni, na kwenye jua hilo kuna alama za njumu, mbichi, matope na majani yamenasa humo, na ncha zote zinaelekea kitandani kwangu. Mwingine angesema kuna mtu ameingia. Lakini ninayemjua mimi hutoka hivyo hivyo, kinyumenyume, kwa hiyo huenda alikuwa humu tangu mwanzo na sasa hivi ndiyo ametoka. Mlango uko wazi. Niliufunga mwenyewe. Napapasa ufunguo kwenye tundu, hakuna, chini ya mto, hakuna, mfukoni, hakuna. Nakwenda mpaka kizingitini, na nje naona njia yetu ya mkonge, nyeupe, sijui vumbi sijui chokaa, na mbali huko filimbi inalia mara moja. Sijui nikivuka hapa ninatoka au ninaingia. Nimeambiwa niulize tena, basi nauliza tena, nyie mnaokula huku tunazika, na nitauliza nikiwa macho na nikiwa usingizini, siku ile, mvua ile, mke wangu amebanwa kwenye nondo, ufunguo alikuwa nao nani?