Rojo la Binti na Waya wa Mama

Asiyejua angedhani binti yule anapika. Kumbe wapi! Alikuwa fundi wa vipimo hospitalini, na ndani ya beseni lake refu la plastiki mlikuwa na rojo la maji, chumvi na unga wa kugandisha, ili lipitishe umeme kama mwili wa mtu. Katikati alilaza waya wa betri ya kuendesha mapigo ya moyo, aina ile ile aliyowekewa mama yake zamani, kisha akalisukuma beseni mpaka kwenye mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili.

Mama alikuwa anapoteza jicho la kushoto. Daktari wa macho alitaka picha ya kichwa aone kinachobana mshipa wa jicho, lakini nyaya za zamani zinaweza kupata moto nchani mle kwenye mashine na kuunguza moyo. Aina ile haikuwa imewahi kupimwa. Bila kipimo hakuna picha, na bila picha jicho ndilo hilo linakwenda.

Rojo la kwanza, joto la ncha ya waya likapanda nusu digrii. Binti akaruka kwa furaha. Rojo la pili, waya ule ule, mahali pale pale: digrii nne. La tatu, tatu. Zikizidi mbili tu, hakuna ruhusa.

Mchana mama alitoka kliniki ya macho akapita kumwona.

"Mbona umenuna kama umeambiwa uoshe masufuria?"

Binti akamweleza yote, kisha akashusha sauti. "Kipimo kile cha kwanza kingetosha, mama. Nikiandika hicho tu..."

"Ishia hapo hapo! Nilale mle ndani kwa jibu la kuchagua? Na wenzangu wenye waya huu je?"

Binti aliona aibu mpaka akainama. Mama, aliyewapikia wanafunzi mia nne kwa miaka thelathini, akavaa glavu na kutumbukiza mkono kwenye rojo.

"We mtoto! Hapa zito, hapa majimaji. Chumvi umeitia lini?"

"Mwishoni."

"Ndiyo maana. Iyeyushe kwenye maji kwanza, ndipo utie unga. Ukiimwaga juu ya kitu kizito inakaa mafungu mafungu. Nimekulea jikoni kwangu bure!"

Mwongozo wa vipimo ulisema hivyo hivyo, ukurasa wa kwanza. Haraka zake ndizo zilizomponza. Akamwaga rojo lote akaanza upya, na safari hii kila pembe ya beseni, kila rojo jipya, joto la ncha halikupanda hata digrii moja. Daktari wa moyo akarudia vipimo mwenyewe, ndipo akasaini.

Jumatatu mama akaingizwa kwenye mashine. Binti alisimama nyuma ya kioo, roho mkononi. Mashine ikagonga, ikanguruma, ikanyamaza. Akainamia kipaza sauti.

"Mama, unasikia joto kifuani?"

Akabonyeza tena kitufe cha kipaza sauti.

"Mama!"

"Ah, nilikuwa nimesinzia," mama akajibu kwa sauti nzito. "Joto lipi tena? Miguu yangu inaganda humu. Nileteeni blanketi!"

Daktari wa macho akagusa skrini. "Mkorofi anayebana mshipa huyu hapa. Uvimbe mdogo tu, unatolewa."

Binti alicheka huku machozi yakimtiririka, akatoka mbio kutafuta blanketi.