Ziwa la Theluji Kwenye Fulana za Kilio

Maji usiyoyafika ndiyo unayoyajua wingi wake. Nyumbani kwa kina Chancelle walilijua vyema ziwa la Ulaya kwenye kalenda ya ukutani: samawati kama iliyotiwa maziwa, milima pande zote, theluji ikiyeyuka na kulilisha. Maji ya shimo la mgodi uliotelekezwa, nyuma tu ya mtaa wao hapa Kolwezi, hakuna aliyejua kina chake.

Rangi ilikuwa ileile. Ndiyo iliyomponza kaka yake Chancelle, Kalombo. Jumapili baada ya misa alivaa shati jeupe, akamchukua Chancelle na Samy mpiga picha, wakaenda shimoni kutembea kama watalii.

"Ona ziwa yetu," alisema akicheka. "Inakosa tu barafu."

Samy alimpiga picha. Kalombo akarudi nyuma hatua moja, ionekane na milima ya kifusi, na udongo ukakatika chini yake, akatumbukia majini asiibuke tena.

Kwenye kilio, Samy alileta kwenye simu picha itakayochapwa kwenye fulana za maziko. Alikuwa amemkata Kalombo kutoka shimoni na kumsimamisha mbele ya ziwa la theluji la kwenye kalenda.

"Mama, minamutuma Ulaya bila visa," alisema.

Mama Agnès, mama yake Kalombo, alipapasa kioo cha simu. "Alishafika, mwana wangu." Ilikuwa mara yake ya kwanza kutabasamu tangu msiba.

"Batoto ba kartier, ba huku mtaani, batavaa hii," Chancelle alisema, "kisha batarudi kulekule kupiga picha. Tuweke shimo nyuma yake, baogope."

"Nyamaza," alisema Tata Kazadi, baba yao mkubwa. "Unataka tuvae kaburi?"

Chancelle akamfuata Samy hadi kwa mchapaji, akambana mpaka akabadilisha picha.

Asubuhi ya maziko fulana zilifunguliwa. Kalombo alicheka kwenye kila fulana, shimo likiwa wazi nyuma yake. Mama Agnès alitazama ya kwake, akaikunja bila kuivaa, akakaa chini mchangani. Kilio chake hakikuwa na sauti.

Chancelle aliona mabega ya mama yakitikisika, na moyo wake ukapasuka.

"Umeua mama yako mara ya pili," Tata Kazadi alisema. "Piga magoti. Omba pardon."

Chancelle alivaa fulana yake.

"Siombi, tata. Siombi."