Alistidia Ataka Kuisoma Fomu Yake

Clavery wa stationery pale Hamugembe alikuwa na daftari la nywila za watu. Vijana chungu nzima wa Muleba walioomba vyuo, nywila zao zimo humo, na hakuna anayeona ajabu. Unamtajia jina lako, anakujazia, anatuma, unaondoka. Kuisoma fomu yako mwenyewe ya nini?

Alistidia alitaka kuisoma. Macho yake yalikuwa hafifu tangu utotoni, na hilo hakulificha. Alitoka Ijumbi alfajiri na baba yake mdogo, Kahigi, ili maombi ya chuo cha ualimu yatumwe kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa siku ya mwisho. Maelezo yote Kahigi alikuwa amempa Clavery jana yake kwa simu.

“Imeshakamilika, dada,” Clavery alisema. “Nitume?”

“Nipe nywila yangu kwanza.”

“Sasa wewe utaona nini?”

Looo! Swali hilo lilimkata maini. Clavery alipomtajia nywila kutoka daftarini, Alistidia akatoa simu yake, akaingia kwenye fomu mwenyewe. Aliugeuza ukurasa ukawa mweusi wenye herufi za njano, akazikuza mpaka neno moja likajaza kioo, kisha akawasha sauti ya kumsomea. Earphone zake zilikuwa zimekufa, basi wateja waliosubiri fotokopi wakasikiliza bure.

“Alistidia Mushumbusi,” simu ikasema. “Jinsia, mwanamke. Ulemavu, hakuna.”

Kahigi akakohoa.

“Baba mdogo, nani kasema hakuna?”

“Waitu, tafadhali mwanangu, taratibu, watu wanasikia. Wakijua watakukataa. Ingia kwanza, mengine tutayaona hukohuko.”

“Nitayaona kwa macho gani?”

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Kidato cha nne alipewa karatasi ya hesabu yenye maandishi madogo kama wenzake, kwa sababu nyumbani walimwandikisha kwamba hana tatizo. Alikaa saa tatu pua ikigusa karatasi, akafeli, akarudia mwaka uliofuata. Hasira ya siku ile ilikuwa haijaisha, na kusema kweli, kwa nini iishe?

“Zimebaki dakika kumi, dada,” Clavery akasema. “Ukianza kubadilisha, mtandao ukakatika, chuo umekikosa. Niachie niitume ilivyo.”

“Usiguse!”

Alistidia akafungua sehemu ya ulemavu. Alikosea, akarudi nyuma, akatelezesha tena kidole mpaka simu ikaitangazia stationery nzima: “Uoni hafifu, imechaguliwa.” Chini yake akaandika kwamba anahitaji mitihani ya maandishi makubwa.

Kahigi alikuwa ameshika kichwa. Alimpenda mtoto huyu, na woga ulikuwa umemjaa. “Na wakikukataa?”

“Basi wanikatae mimi, baba mdogo. Huyo mliyemjaza humu hata simjui.”

Akabonyeza Tuma.