Mshumaa wa Mchana Kweupe

"Hana," alisema Torborg akiweka simu mezani. "Alikuwa nalo, akamuuzia Mnorwe mwaka juzi."

Sixten, kaka yake, alikuwa amekaa karibu na jiko la kuni, miguu kaifunika ngozi ya kondoo. Hakushtuka. "Basi na wa Finland ndiyo kwisha," alisema. "Tumpigie mfalme sasa?"

"Mfalme ana mashine mpya. Wenye vikuukuu ni sisi."

Gurudumu lenyewe lilikuwa mezani juu ya gazeti: chuma cha ukubwa wa kisosi, chenye meno pande zote, isipokuwa pale matatu yalipong'oka yakaacha pengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Ndilo lililozungusha mkanda wa mpira wa pikipiki ya theluji. Bila hilo, injini ilinguruma vizuri tu na pikipiki ikabaki palepale kwenye banda, ski yake moja ya mbele, ule ubao wa kutelezea, ikiuelekea mlango. Kiwanda kilichoitengeneza kilikuwa kimefungwa zamani mno, hata jengo lake sasa lilikuwa duka la mazulia.

Pikipiki ile ndiyo iliyompeleka Sixten na barua za watu kuzunguka ziwa, miaka yote aliyokuwa tarishi. Sasa miguu ilikuwa imemkatalia, na baada ya Pasaka angehamia kwenye nyumba ya wazee mjini, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Alikubali bila kelele. Aliomba kitu kimoja tu: kabla barafu haijalainika, avushwe mara moja hadi kibanda cha baba yao cha kuvulia samaki, ng'ambo ya ziwa, akivutwa na pikipiki yake mwenyewe. Wenye mashine kubwa za kisasa walikuwepo na wangemchukua kwa furaha. Lakini kwenye hizo, alisema, angekuwa gunia tu. Hii yake aliijua kila kikohozi.

Basi Torborg, aliyewapikia watoto wa shule maisha yake yote, akajifanya fundi. Aliifungua injini kwenye meza ya kulia, akasugua kabureta kwa mswaki mkuukuu, akachemsha boliti kwenye sufuria ya uji. Alibandika tangazo dukani na kupiga simu kote kulikosemekana kuna watu wenye vyuma vya zamani. Aliomba kwa wageni watupu. Kwa jirani hakuomba hata mmoja. Mgeni unamuuliza, anakujibu, simu inakatwa. Jirani unamtwika mzigo wako, na kila siku unakutana naye ameubeba. Watu wa kule wanalelewa hivyo tangu wadogo. Ni ukaidi mtupu, ila wenyewe wanauita adabu.

Siku ile ile ya simu ya Finland, mwenye duka akamletea salamu: mzee Valfrid wa ng'ambo ya ghuba ya ziwa amevua samaki wengi mno, wataoza, Torborg amsaidie kuja kuchukua. Samaki waoze, na nje bado maji yanaganda ndani ya ndoo! Torborg angepaswa kujiuliza. Lakini kuombwa msaada hakujawahi kumshinda, kwa hiyo akachukua kiti chake cha kuteleza, kile cha kusukuma kwa mguu, akashika njia juu ya barafu.

Alipofika katikati ya ghuba akaona mshumaa unawaka kwenye dirisha la jikoni kwa Valfrid. Ilikuwa adhuhuri ya Aprili, jua linapiga theluji hadi macho yanatoka machozi. Majken, marehemu mkewe Valfrid, alikuwa ndiye mwenye kuweka mshumaa dirishani, lakini majira ya Krismasi, na Torborg alizoea kuutazama akiwa kwake jioni, roho ikachangamka. Uzee huo, alifikiri, akamwonea huruma mjane wa watu.

Ndani, kahawa ilikuwa tayari na mikate ya mdalasini ya dukani. Kikombe cha kwanza walizungumza juu ya barafu. Cha pili, juu ya miguu ya Sixten. Kikombe cha tatu ndicho cha kusemea jambo, lakini Torborg hakuwa na jambo, au alijiambia hivyo. Wakati huo wote Valfrid alikuwa anausogeza ule mshumaa. Aliutoa dirishani akauweka mezani, kisha karibu na sukari, kisha mbele ya pua ya mgeni wake. Torborg ikabidi ausukume kando ili afikie kijiko, na vidole vyake vikagusa meno.

Meno ya chuma, mazima yote, kuzunguka kitako cha mshumaa.

Aliurudisha mkono mapajani. Nta ikatiririka.

"Torborg," alisema mzee mwishowe, "mshumaa unaisha. Utaniuliza lini?"

"Nikuulize nini?"

"Usinifanyie hivyo, bibie. Tangazo lako nimelisoma mpaka nimelikariri. Ningekuletea mwenyewe ungesema huhitaji, usijisumbue."

Ni kweli, angesema hivyo hivyo. "Lakini hiki ni kinara cha Majken," alisema kwa sauti ndogo.

"Alikichomoa kwenye pikipiki yangu ilipokufa. Angekuwepo, angenipiga mwiko kwa kukawia hivi."

Torborg aliitazama ile nta. Neno lilikuwa dogo, alikuwa amelisema kwenye simu mpaka Finland, na sasa ilibidi aliseme mbele ya jirani.

"Naomba hilo gurudumu, Valfrid," alisema. "Kwa ajili ya Sixten."

Valfrid alishusha pumzi kama mtu aliyetua kuni. Akazima mshumaa, akaanza kukwangua nta kwa kisu cha samaki. "Lile bovu niletee," alisema. "Mshumaa hauhitaji meno."

Hapo Torborg akalia, bila kujificha, akasema asante mara nyingi kuliko inavyoruhusiwa katika kijiji kile. Alipoondoka alipewa samaki pia. Alikuwa mmoja tu.

Jumamosi kabla ya Pasaka pikipiki ilivuka ziwa, ikivuta sleji ya kuteleza yenye Sixten, chupa ya kahawa na ngozi ya kondoo.

"Unaendesha kama unakoroga uji!" alipaza sauti Sixten.

"Shika kofia yako, kaka."

Kibandani Sixten alikaa kando ya tundu la kuvulia kwenye barafu tangu asubuhi, hakupata hata samaki mmoja, na Torborg hakuwa amemwona na furaha kama ile kwa muda mrefu. Wakirudi, Sixten aliomba wasimame katikati ya ghuba bila kuzima injini. Alifumba macho, akaisikiliza.

"Asante, mdogo wangu," alisema.

Jua lilikuwa bado juu. Ng'ambo, kwenye dirisha la Valfrid, kulikuwa na mwali mdogo unawaka juu ya gurudumu lenye pengo.

"Unataka kahawa?" aliuliza Torborg.

"Chupa imekwisha."

"Kwa Valfrid ipo."

Sixten alifumbua macho. "Hatujaalikwa."

"Tutaomba," alisema Torborg, akageuza ski kuelekea kwenye mshumaa.