Wiki Ambayo Kimulimuli Alitulia

Binti yangu alipita mbio katikati ya karakana akikimbiza puto, na kioo cha kabati nilichokuwa nimekiegemeza ukutani kikaja chini nyuma yake. Kilisambaratika pale pale alipotoka kukanyaga. Mimi ni fundi vioo, mikono hii imeshonwa mara nyingi kuliko shati langu la kazi, lakini siku ile ilibidi nikae juu ya ndoo. Yeye alikuwa ameshafika uani, anacheka. Hakujua hata kilichoanguka.

Tunamwita Kimulimuli kwa sababu hatulii. Ana miaka minane. Daktari alishatuambia kwamba si jeuri wala malezi mabaya. Ubongo wake unapata taabu kutulia na kushika jambo moja mpaka liishe. Akatushauri tujiunge na darasa la wazazi wenye watoto wa namna hiyo. Nilimwitikia daktari kwa heshima zote, na baada ya kile kioo nikampigia simu kaka yangu mkubwa, askari magereza mstaafu, aje kumchukua Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Kwake hakuna vioo, na mtoto akiambiwa kaa, anakaa.

Mke wangu ni muuguzi, hapigi kelele ovyo. Alisema, "Nenda kwanza kwenye lile darasa, mimi niko zamu. Ukimaliza na bado unataka kumpeleka kwa baba yake mkubwa, sitakuzuia." Alisema hivyo akijua fika kwamba mimi na madarasa ni paka na panya.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma cha duka la mikate. Hakukuwa na daktari wala mwalimu. Mwenye duka, ambaye wote tulimwita Mama Mkate, alikuwa amelea mtoto kama wetu, akafunzwa na wazazi waliomtangulia, na sasa anafunza wengine. Tulikaa kwenye viti vya plastiki katikati ya magunia ya unga, na kila aliyevaa suruali nyeusi alitoka na suruali nyeupe.

"Hapa hakuna atakayewauliza kwa nini watoto wenu hawana adabu," alituambia siku ya kwanza. "Hilo majirani wameshawauliza bure."

Nilimpenda palepale, nikajikaza nisionyeshe.

Alitufundisha kutoa agizo moja tu kwa wakati, ukiwa karibu na mtoto, si kufoka kutoka chumba kingine. Akatufundisha kusifu kitendo chenyewe. Si "mtoto mzuri," bali "umevaa viatu bila kuambiwa mara ya pili." Tulifanya mazoezi sisi kwa sisi. Mimi nikawa mtoto, na dereva mmoja wa lori mwenye kitambi akawa mama yangu. Alinisifu kwa kukunja shuka mpaka nikaona haya.

Na kila tulipokutana, Mama Mkate alirudia kisa chake. Kijana wake alikuwa moto wa kuotea mbali. Siku ya kwanza alipoacha kufoka na kuanza kusifu, mtoto alikaa mezani akamaliza hesabu zote, na tangu hapo nyumba ikatulia. "Siku moja tu, jamani!" alisema, na dereva wa lori akafuta macho kana kwamba hajawahi kukisikia.

Kaka yangu alipiga simu kuuliza kama safari ipo. Nilikuwa karakanani. Nilimjibu kwa sauti ile ninayomsemea siku zote, maana masikio yake yamechoka: "Ipo! Asipotulia, Jumamosi unamchukua!" Kesho yake nikaanza kusifu. Nilimsifu Kimulimuli kwa kufunga mlango taratibu. Nikamsifu kwa kukaa.

Na akatulia! Wiki nzima hakukatiza karakanani mbio. Alitoka shule, akaketi kwenye kochi la sebuleni, mikono chini ya mapaja, akanitazama kupitia mlangoni nikikata vioo. Alikula bila kumwaga. "Baba, nimekaa vizuri?" aliniuliza, nami nikamjibu, "Umekaa vizuri sana, mama." Kichwa kikanivimba, nikajiona profesa. Mke wangu aliponiuliza mbona mtoto hacheki siku hizi, nilimwambia asitafute kasoro kwenye neema. Hata hivyo sikufuta safari. Nilitaka kuona kwanza kama utulivu ule utadumu.

Darasa lililofuata nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nikasimulia yote, hadi ile mikono chini ya mapaja. Walinipigia makofi. Mama Mkate akasema nimesema siku nzuri, kwa sababu leo amemleta kijana wake mwenyewe, tumuulize tunachotaka.

Kijana alikuwa fundi umeme, mtu mzima sasa, mrefu, mguu mmoja ukimcheza muda wote anapoongea. Alituchekesha sana. Kisha dereva wa lori akasema, "Mwanangu, hebu tuambie ile siku. Ile mama yako alipoanza kukusifu, ukakaa mpaka ukamaliza hesabu. Ulijisikiaje?"

Kijana akamtazama mama yake, akacheka kidogo. "Ile? Mzee wangu, niliogopa sijawahi kuona."

"Uliogopa nini tena?"

"Si mama alikuwa ameongea na shangazi kwenye simu? Akasema amechoka, shule ikilalamika tena ananipeleka nikalelewe huko. Mimi niko nyuma ya mlango. Basi nikajiambia, leo sitikisiki. Nikakalia mikono yangu isije ikaniponza."

Mama Mkate alikuwa ameshika birika la chai, na chai ikaendelea kumiminika juu ya kikombe kilichokwisha kujaa, ikashuka mezani, ikafika sakafuni.

"Ulisikia?" akauliza.

"Nilisikia, mama. Nilidhani siku zote unajua."

Aliketi juu ya gunia, macho yamemtoka. Kundi baada ya kundi alikuwa amefundisha kwa kisa ambacho yeye mwenyewe hakukijua. "Kwa hiyo sifa zangu zote hazikukusaidia?" alimuuliza.

"Zilinisaidia, lakini si siku ile," kijana akasema. Sasa hata yeye alikuwa ameshtuka kwa alichokisababisha. "Ni siku nilipoangusha mizani ya duka. Nilishafunga nguo zangu kwenye mfuko, najua naondoka. Wewe ukanisifu kwa kusema ukweli, ukanituma ufagio. Hapo ndipo nikajua sipelekwi popote, nikaanza kukusikiliza."

Dereva wa lori akageuka, akanitazama. Wengine nao wakageuka. Sikuweza kumwangalia mtu. Mlango kati ya karakana na sebule haufungi vizuri, nimeahidi kuutengeneza tangu tuhamie. Nikainuka, nikatoka bila kuaga.

Nilimkuta kwenye kochi, amekalia mikono. Nikapiga magoti mbele yake.

"Mama, ulinisikia nikiongea na baba mkubwa?"

Aliangalia mlango, kisha akaniangalia mimi. "Nimetulia siku zote, Baba. Jumamosi bado nitaenda?"

Nilitaka kulia, nikatoa simu. Nilimpigia kaka yangu hapo hapo, sauti nikaiweka nje ili mtoto asikie kila neno. "Usije. Haendi. Atulie asitulie, huyu anakaa kwangu." Kaka akaanza kufoka kwamba namdekeza, nikamkatia simu.

"Umesikia, mwanangu? Huendi popote."

"Nimesikia. Asante, Baba."

Alinishukuru kama anavyomshukuru mgeni aliyempa peremende. Hakuinuka. Nikamwambia akacheze uani, akasema hapo panatosha. Nikamletea puto, akalipokea, akaliweka pembeni yake taratibu. Mikono ikarudi chini ya mapaja. Nikaanza kumbembeleza mimi, mtu ambaye nilikuwa nafoka mpaka mtaa wa pili asirukeruke juu ya kochi lile lile.

"Basi ruka. Ruka hapo hapo, mama, nakuruhusu. Ruka unavyotaka."

Alinitazama usoni, kwa umakini ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Litaharibika, Baba," akasema.