Chumba cha Wageni

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ndani ya nyumba yangu mpya, na nyumba yenyewe haina ukuta hata mmoja. Ni mistari ya chokaa tu juu ya udongo mwekundu wa kiwanja chetu cha Nzuguni, kama fundi anavyochora kabla ya kuchimba msingi. Mistari hiyo naiheshimu. Napita mlangoni, sikanyagi ukuta, kwa sababu mimi ni mtu wa utaratibu.

Niseme mapema kwamba kuota si kawaida yangu. Mimi ni mtunza stoo wa shule ya sekondari, huu mwaka wa kumi na tisa, na usingizi wangu ni wa mtu aliyekagua majembe yote akayakuta yametimia. Kwenye stoo yangu kila kitu kina lebo. Ndoo ina lebo, kopo la rangi lina lebo, hata misumari iliyopinda ina boksi lake limeandikwa MISUMARI ILIYOPINDA. Kwa hiyo wiki iliyopita fundi aliponiletea ramani ya nyumba, vyumba havina majina, niliketi mezani nikaviandika mwenyewe kwa kalamu nyeusi, herufi kubwa: SEBULE. JIKO. STOO. MASTA, ambacho ni chumba chetu mimi na mke wangu, chenye choo chake ndani. CHUMBA CHA WATOTO. CHUMBA CHA WAGENI. Korido niliiacha, maana korido ni njia tu.

"Baba Anitha, umeandika vizuri kweli," mke wangu Devota alisema, na Devota si mtu wa kusifu ovyo.

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Yeye anaishi Mpwapwa, kwenye tembe lake la udongo, na mvua za mwaka huu zimeliangusha tembe hilo upande mmoja. Sisi ndio tuliomwita aje kukaa nasi moja kwa moja. Akauliza, kwa upole tu, yeye atalala wapi. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa, Mama, chumba cha wageni, kizuri, kina dirisha.

"Sawa, mwanangu," akasema, akaendelea na mchele.

Tangu siku hiyo, kila tukimgusia habari ya kuhama anasema atafikiria. Jana jioni akafunga begi lake, anarudi kwao na basi la asubuhi. Nilikasirika, sikufichi. Mtu unamjengea nyumba, yeye anarudi kulala chini ya ukuta uliobaki, na huo nao ukimwangukia tutasema nini kwa watu? Nikaenda kulala nimenuna.

Basi, nimesimama katikati ya mistari. Kiunoni nimefunga tepu ya fundi, ile ya chuma inayojikunja yenyewe. Tepu inazungumza. Haina maneno mengi, inataja vipimo tu.

"Mita tatu kwa tatu na nusu," inasema tukiingia chumba cha watoto.

"Asante," naijibu.

"Mke wako, mita moja na sentimita sitini na mbili. Ukimya wa mama yako, mita kumi na nne."

"Hilo sikuuliza."

"Mimi napima kilichopo," ikasema, ikajikunja.

Sebule tuliikuta imejitandaza. Ilikuwa mita sita kwa tano na bado inalalamika njaa. "Seti ya makochi haitanitosha," ikaniambia. "Nisogezee mstari wa jiko."

"Jiko litabaki na mita mbili."

"Jikoni nani anakuona?"

Nikaona ni hoja ya mtu mzima. Nikasogeza mstari kwa mguu. Masta nilipokisalimia hakikuitikia. Tangu kipewe choo chake kimekuwa hivyo, hakijuani na vyumba vingine.

Nikaingia stoo kutafuta penseli, na humo ndimo nilimoijua sheria ya nyumba ile. Nilipovuka tu mstari, Devota akaja na ndoo tatu akanibebesha kichwani, akaniegemeza pembeni, akanitundika ungo sikioni, akaenda zake. Nikamwita. Hakusikia, maana vitu vya stoo havisemi. Nilikaa humo misimu miwili ya kilimo. Kuku akataga mfukoni mwangu. Siku moja Devota akarudi kutafuta chujio, akanishika, akanigeuza huku na huku.

"Kumbe kipo," akasema. "Nilidhani tumekiazimisha."

Akanitoa nje kunipangusa vumbi, nikawa mtu tena.

"Kilichoandikwa ndicho kinachokuwa," tepu ikanieleza. "Uliandika STOO, ukaingia. Ulitegemea uwe nani?"

Kusema kweli sikuona ubaya. Niliona ni utaratibu mzuri, na nikatamani shuleni kwetu wauige.

Ndipo ikasikika hodi.

Mama amesimama kwenye mstari wa mbele. Mkononi ana begi, na mgongoni amebeba tembe lake lote kwa mbeleko, na ule upande ulioanguka unaning'inia. Tembe linanichungulia juu ya bega lake. Linanisalimia kwa Kigogo, naitikia.

"Hodi wenyewe," Mama anasema.

Nataka kumwambia, Mama, pita, hapa ni kwako. Mdomoni yanatoka mengine: "Karibu, mgeni wetu. Karibu ukae."

Chumba cha wageni kikaja mbio kumpokea. Kilikuwa kimevaa tai. "Mgeni hashiki ufagio," kikamweleza kwa heshima kubwa, "mgeni haingii jikoni, na mgeni haulizi kuna nini kwenye sufuria." Kikamketisha sebuleni, kwenye kochi ambalo nailoni yake haijatolewa, naye akakaa kwenye ncha kabisa, begi magotini. Wanangu wakaletwa wamwamkie. "Shikamoo, mgeni," wakasema, kisha wakaambiwa wakacheze nje. Devota akaleta soda na glasi juu ya sinia, akamwambia ajisikie yuko nyumbani.

Halafu akapewa albamu. Mgeni huwezi kumwachia soda peke yake, lazima aone picha. Mama akazifunua moja moja, taratibu, anasifu panapostahili kusifiwa. Akafika kwenye picha yangu ya darasa la kwanza. Humo nimevaa sweta la kijani alilonifumia yeye mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, kwa sababu mafuta ya taa yalimwishia akamalizia gizani. Akaitazama sana.

"Mtoto mzuri huyu," akaniambia. "Wa nani?"

"Mita moja na sentimita kumi," tepu ikasema, kwa sauti ndogo.

Niliumia. Naliandika hili kama lilivyokuwa. Nikataka kusema ni wako, Mama, huyo ni wako, hata hilo sweta bado ninalo. Mdomoni yakatoka: "Karibu soda, mgeni."

Akanywa funda moja kwa adabu, akaweka glasi. "Haya, wenyewe. Nisiwachoshe, acha niwahi."

"Mbona mapema hivyo?" tukasema wote, na makochi yakaitikia. Ndivyo inavyosemwa. Kisha tukasimama kumsindikiza, maana mgeni husindikizwa.

Sasa korido, ambayo kwenye ramani ni mita nne, ikaanza kunyooka. Ikanyooka ikapita mpaka wa kiwanja, ikapita barabara, na mwisho wake nikaona stendi ya basi. Nikaelewa vizuri sana mambo yanakoelekea. Mgeni akishasindikizwa hadi mwisho ameondoka, na huyu akiondoka anakwenda kulala chini ya ule ukuta. Nikatoa ramani mfukoni, nikatoa na kifutio. Nilitaka kufuta neno moja tu.

"Bila kibali sifuti," kifutio kikasema.

Mara tuko ofisini. Korido ni ile ile, lakini sasa ina foleni na madirisha, na Mama ameketi kwenye benchi na tembe lake, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Nyuma ya dirisha namba tatu kuna tofali la saruji, limevaa miwani.

"Shida yako?" likaniuliza.

"Kubadilisha lebo. Chumba hiki kisiwe cha wageni, kiwe cha mama yangu."

"Thibitisha kuwa ni mama yako." Likavuta fomu. "Akilala, kichwa anaweka upande gani?"

Sikujua.

"Akiamka alfajiri, kitu cha kwanza anataka kuona nini?"

Sikujua.

"Mlango wake utazame wapi?"

"Koridoni," nikasema, "kama milango yote."

"Nimeuliza wake." Tofali likavua miwani, likaifuta kwa vumbi. "Bwana, mtu unayemwelezea hapa ni mgeni. Ramani yako haina kosa. Anayefuata."

Miaka kumi na tisa mimi ndiye ninayerudisha watu na fomu zao. Sikuwahi kurudishwa. Niliondoka dirishani nikiwa mdogo, na tepu, ambayo kwa kawaida haina huruma, haikutaja nimepungua kiasi gani.

Nikachuchumaa mbele ya benchi. Korido sikuwa nimeiandika lebo yoyote, kwa hiyo humo mtu hubaki alivyo, na mdomo ukanitii.

"Mama, unataka mlango wako utazame wapi?"

Tembe likaacha kupumua. Mama akanitazama kama vile ndiyo kwanza ameniona tangu afike.

"Jikoni," akasema. "Usiku nikikohoa nifike kwenye maji bila kuamsha watu. Na asubuhi nibandike chai kabla mkeo hajaamka, nilivyozoea. Dirisha liwe chini, niwe nimekaa niwaone watoto wakitoka shule. Na marumaru msiniwekee, nitaanguka. Basi, sina jingine."

"Mbona hukusema?"

"Ulishaniambia ni cha wageni. Ningeanzaje kuwapangia watu nyumba yao?"

Nikapapasa mfukoni. Penseli nilikuwa sina, ilibaki stoo. Mama akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha mkaa. "Huu ni wa mekoni kwangu," akasema. Akaiweka ramani magotini, akaukata ukuta kwa mstari mmoja uliopinda kidogo, kati ya chumba kile na jiko, akaweka mlango.

Kukawa na kelele. Sebule ikasema itatoa wapi nafasi ya kochi la tatu sasa, maana jiko lilikuwa limeinuka na linadai mita yake. Masta kikazungumza kwa mara ya kwanza, kikauliza choo chake kitaguswa au hakitaguswa. Hakuna aliyekijibu. Chumba cha wageni kikalegeza tai, kikaketi chini kikasema kilikuwa kimechoka sana. Tembe likashuka mgongoni kwa Mama. Likaukagua ule mlango juu na chini, likapita ndani, likalala.

"Sentimita tisini," tepu ikasema. "Anapita na begi lake." Ikajikunja kwa nguvu, ikanipiga kidole, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Devota yuko uani anapiga mswaki. Nilitoka hadi sebuleni, ya hii nyumba tunayopanga, na begi la Mama lilikuwa mlangoni. Mwenyewe ameshavaa, viatu miguuni, ameketi kwenye ncha ya kochi. Tangu siku ile ya ramani amekuwa akikaa hivyo hivyo, kwenye ncha, na mimi ninayejua idadi ya misumari iliyopinda sikuliona.

Ramani ilikuwa mezani nilipoiacha. Nikainama kuitazama. Kati ya chumba cha wageni na jiko, ukuta ulikuwa umekatwa na mstari mweusi, umepinda kidogo. Nikaupitisha kidole, kidole kikawa cheusi. Humu ndani hakuna mkaa. Tunapikia gesi tangu mwaka juzi.

Sikumwita mtu aje aone. Nilichukua kalamu yangu nyeusi, nikalikata neno WAGENI. Lakini sikuandika jingine. Nikageuka.

"Mama," nikasema, "mlango wa chumba chako utazame wapi?"

Mama akanitazama, halafu akakitazama kidole changu.

"Si ulishaniuliza?" akasema.

Akavua viatu, kimoja kimoja, akavisukuma chini ya kochi. Kisha akaingia jikoni kuangalia kuna nini kwenye sufuria.